Kilichoandikwa Kwenye Cheti cha Eusebio

Eusebio alirudi kutoka melini na cheti cha daktari chenye mihuri mitatu. Alikionyesha nyumba kwa nyumba, akaishia uani kwetu, wanawake walipokuwa wakikuna muhogo wa mkate.

"Soma mwenyewe, Nereida. Mzima kabisa! Sasa kondomu za nini tena?"

Nereida alikuwa na miaka kumi na tisa, na Krismasi yeye na Eusebio wangeanza kuishi pamoja. Huku kwetu, pwani ya Honduras, kijana aliyepanda meli akirudi husikilizwa kuliko padri.

"Mihuri mitatu, mwanangu!" shangazi yake Lucila akasema. "Hata mimi ningemwamini."

"Basi mchukue wewe, shangazi."

Wanawake wakacheka mpaka wakaacha kukuna. Nereida akaniletea cheti pale nilipokuwa nachochea moto.

"Babu, wewe umefanya kazi melini miaka mingi. Nisomee."

Nilikisoma mara mbili. Macho mazuri, masikio mazuri, hana kifua kikuu, mgongo imara. Anafaa kazi. Basi. Mimi pia nilipewa cha namna hiyo, na wenzangu wawili waliokufa kwa UKIMWI walikuwa navyo mifukoni.

"Kinasema anaweza kubeba mzigo," nikamwambia. "Virusi hawakuvitafuta."

Eusebio akafura. "Mzee, unanivunjia nyumba!"

"Nyumba gani? Nendeni mkapime, wote wawili."

"Kesho asubuhi naenda," Nereida akasema. "Usipokuja, Eusebio, kwangu usikanyage."

Alikuja. Nami niliombwa niwasindikize hadi zahanati. Walitobolewa vidole, wakaitwa mmoja mmoja. Nereida alitoka upesi: hana virusi. Eusebio alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alituambia mwenyewe, hakuna aliyemuuliza.

"Ninavyo. Dawa naanza leo. Nesi anasema nikimeza kila siku nitazeeka kama huyu babu." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Nere, ningekuambukiza huku naapa mimi ni mzima."

Nereida alilia kwa kitambo. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akaenda mlangoni kumuuliza nesi arudi lini. Akaambiwa baada ya miezi mitatu apime tena, na kondomu wasiziache.

Aliporudi, Eusebio alikuwa amejisogeza mwisho kabisa wa benchi, mbali na watu.

"Unakimbilia wapi?" Nereida akamwambia. "Kaa hapa. Sijaamua kitu bado."