Wadakaji Thelathini

Loise Kananu alikuwa na kadi ishirini na tisa. Ya thelathini ilikuwa kwenye kabati la kioo la Bwana Adib, na bei yake ilikuwa dirhamu mia sita.

Alikuwa na miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Nkubu kule Meru, na kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja ya Al Jaddaf, Dubai. Alilala Al Baraha, katika chumba cha wanawake wanne. Mshahara ukiingia, kwanza ulikwenda kwenye karo ya binti yake Lynette, aliyekuwa akisomea uuguzi nyumbani, kisha kwa mama yake, kisha tumboni. Kilichobaki kilikuwa dirhamu arobaini kwa mwezi, na hizo Loise alizinunulia kadi za besiboli.

Wenzake chumbani walimwona kama mtu aliyerogwa. Wangapi kati yao waliwahi hata kuuona mchezo huo? Lakini Loise aliucheza. Alipokuwa sekondari, mwalimu mmoja aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo alikuja na glavu kumi na mbili ndani ya gunia akawafundisha wasichana. Loise alipewa nafasi ambayo hakuna aliyeitaka, ya mdakaji. Ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, uso ndani ya kinga ya vyuma, akipokea kila mpira anaotupa mrushaji. Magoti yanauma, viganja vinawaka moto, na watu wanamtazama mrushaji. Loise aliipenda nafasi hiyo kuliko chochote. Mwaka 2004 walizishinda shule zote za karibu. Mwaka uliofuata mwalimu alihamishwa, panya wakazitafuna glavu, na mchezo ukaishia hapo.

Miaka ishirini baadaye alikwenda Satwa kupunguza sketi kwa fundi. Foleni ilikuwa ndefu, akaingia duka la jirani kukwepa jua. Lilikuwa duka la vitu vya mitumba la Bi Swafiya, mama wa makamo kutoka Mombasa, Mji wa Kale. Juu ya meza palikuwa na mkebe wa biskuti umejaa kadi ndogo za picha. Loise aliokota ya juu. Mtu amechuchumaa, glavu mbele, vumbi hadi magotini. Nyuma ya kadi, mwaka: 2004.

"Hawa ni akina nani, Bi Swafiya?"

"Sijui, mwanangu. Mmarekani mmoja alikuwa akihama, akaniuzia mapazia, na huo mkebe akanipa bure. Chukua tatu kwa dirhamu moja."

Loise alichambua mkebe mzima akiwa amesimama. Sketi yake ilipokuwa tayari, alikuwa ameshachagua sita, zote za wadakaji.

Siku hiyo alijiwekea sharti. Seti nzima ya mwaka ule ilikuwa na mamia ya kadi, asingeiweza. Lakini timu zilikuwa thelathini, na kila timu ilikuwa na mdakaji mmoja ndani ya seti. Angekusanya hao tu. Tena kulikuwa na hesabu nzuri ndani yake, kwa sababu watu wenye pesa walitafuta wapigaji na warushaji. Wadakaji walibaki chini ya masanduku, kadi za bei ya chapati.

Hapo ndipo alipokutana na Adib. Alikuwa mwenye duka la kadi, mtu wa miaka hamsini na kitu, wa familia ya Kizanzibari iliyohamia Dubai zamani, na Kiunguja chake kilikuwa safi kama cha mtu aliyetoka Malindi ya Unguja jana. Stoo yake ilikuwa na maboksi ya kadi za kawaida zilizochanganyika, na yeye hakuwa na muda nayo.

"Nikupangie," Loise alimwambia. "Kwa mwaka, kwa timu, kwa namba. Sitaki pesa. Kila boksi nikimaliza, nichague kadi tano."

Adib alimtazama juu ya miwani. "Bibie, boksi moja lina kadi elfu tatu."

"Mimi hukunja mashuka mia nne kwa siku, bosi. Kadi hazina pembe za kuvutana."

Alicheka, akakubali. Kwa Jumamosi kumi na nne, siku yake ya mapumziko, Loise alikaa kwenye stuli stooni akipanga. Alipata wadakaji kumi na saba. Kadi zilizomzidi alizibadilisha na wakusanyaji wengine kwenye kundi la simu, na sita za mwisho zilitoka huko. Alibakiwa na mmoja tu, jina lake Delfino Quarles, aliyecheza msimu mmoja akapotea. Kadi zake zilichapishwa chache. Adib alikuwa nayo, lakini si ndani ya boksi.

"Hiyo haimo katika mapatano yetu," Adib alisema. "Iliyo kabatini ni ya kabatini."

"Nitakupangia maboksi mengine kumi."

"Maboksi yamekwisha, bibie. Umeyamaliza wewe mwenyewe." Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mia sita. Ntakuwekea mwezi mmoja, zaidi siwezi. Biashara haina shangazi."

Mia sita ilikuwa mwaka na miezi mitatu ya zile arobaini zake. Loise alisema ahsante, akapanda basi kurudi Al Baraha. Hakuwaeleza wenzake, maana alijua wangesema nini.

Wiki ya tatu ya mwezi huo kulikuwa na maonyesho ya wakusanyaji katika ukumbi mmoja mkubwa, na Bi Swafiya alikodi meza ya kuuzia vikombe vya zamani na stempu. Alimwomba Loise amsaidie kubeba. Walifika asubuhi. Upande wa pili wa ukumbi, Adib alikuwa ameweka kabati lake la kioo, na karibu yake klabu ya besiboli ya wafanyakazi wa mjini ilikuwa imetundika wavu mkubwa. Bango la klabu na Adib lilisema: udake au uzuie mipira kumi kati ya kumi bila mmoja kukupita, uchague kadi yoyote kabatini.

"Yoyote?" Loise aliuliza.

"Imeandikwa yoyote," alijibu Bi Swafiya, aliyekuwa akifuta kikombe. "Na mimi nimesoma mara mbili."

Mrushaji wa klabu alikuwa mwanamke wa Kiganda mwenye mabega mapana, aitwaye Joweria, aliyekuwa mapokezi katika hoteli na aliyecheza mchezo huo tangu shule ya msingi kwao. Kabla ya adhuhuri alikuwa amewashinda wanaume ishirini. Vijana wa mazoezi ya chuma walivaa kinga wakicheka, wakatoka wakijipulizia viganja. Mipira yake mingine ilikuja moja kwa moja kama jiwe, mingine ilipinda, na mingine ilidondoka ghafla mbele ya goti. Aliyefika mbali zaidi alidaka sita. Adib alikuwa ameketi na kikombe cha chai, ametulia kabisa.

Loise aliwatazama kwa saa nzima. Aliona walichokosea: wote walimngoja Joweria awashtue. Hakuna aliyemwambia atupe nini.

Alimkabidhi Bi Swafiya mkoba, akafunga kitambaa kichwani, akajiandikisha.

Adib alisimama. "Loise? Utaumia, bibie."

"Nitaangalia nisiumie, bosi."

Kinga ya kifua ilikuwa kubwa kwake. Glavu ilikuwa na jasho la watu wengine. Alichuchumaa, na magoti yakalia kwa sauti ambayo watu wa mbele waliisikia, wengine wakacheka. Kisha Loise akateremsha mkono wa kulia katikati ya mapaja na kuonyesha kidole kimoja, ishara ya mdakaji kuomba mpira ulionyooka.

Joweria aliyekuwa ameshainua mkono akasita. Alimtazama mwanamke huyu mwembamba, akatazama kile kidole, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyesalimiwa kwa lugha ya kwao katika nchi ya mbali. Akatikisa kichwa kukubali, akatupa. Mpira ulikuja moja kwa moja, ukaingia glavuni kwa mlio mkavu uliojaa ukumbi.

Vidole viwili. Mpira ukapinda, glavu ikawa tayari iko pale ulipokuwa ukielekea. Vitatu. Ukadondoka, Loise akashuka nao. Wa nne, wa tano, watu wakaanza kusogea. Wa saba, Adib akaweka kikombe chini.

"Hebu ngoja," alisema. "Huyu anachagua mwenyewe mipira. Hiyo si haki."

"Sir, ndiyo kazi ya mdakaji hiyo," Joweria alijibu. "Yeye anaita, mimi natupa. Kokote wanakocheza ni hivyo."

Minong'ono ikapita ukumbini. Loise akavua kinga ya uso. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimeanza kuvimba, lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Bwana Adib ana haki ya kuuliza. Dada, iliyobaki mitatu tupa unavyotaka. Sitaita."

"Mwanangu, kwani umetumwa?" Bi Swafiya alisema kwa nyuma.

Wa nane ulikuja juu, kwenye usawa wa macho, akaudaka. Wa tisa ulipinda mara mbili zaidi ya ilivyotarajiwa, akauzuia kwa ncha ya glavu, ukacheza kidogo, ukakaa. Kwa wa kumi Joweria alijinyoosha mwili mzima. Mpira ulidondoka mapema mno, ukapiga sakafu mbele ya Loise na kuruka vibaya upande wa kulia.

Mtu wa kawaida angenyoosha mkono. Loise alitupa mwili. Alipiga magoti yote mawili chini, akakunja mabega, mpira ukamgonga kifuani na kuanguka mbele yake, naye akaufunika kwa glavu kabla haujafika mbali. Alibaki vile kwa pumzi mbili. Kisha akauinua mkono, mpira ukiwa ndani.

Ukumbi ulipiga makofi kwa muda mrefu. Joweria alikuja mbio, akamwinua, wakashikana kama watu waliosoma pamoja. Loise alikuwa akilia na kucheka, na wala hakuona aibu. Miaka ishirini mwili wake ulikuwa umetumwa kubeba na kukunja na kupiga pasi. Leo ulikuwa umefanya kitu chake wenyewe, na haukusahau hata kimoja.

Adib alifungua kabati. Alikuwa mtu wa neno lake. Katikati ya kabati palikuwa na kadi ya mpigaji mashuhuri, yenye sahihi, bei yake dirhamu elfu nane. Kila mtu ukumbini alikuwa akiitazama hiyo. Quarles alikuwa pembeni, rafu ya chini.

Loise aliwatazama wote wawili. Bi Swafiya alimsogelea sikioni. "Usiwe mjinga. Moyo una haki, na Lynette naye ana haki. Zote zinalipika."

Loise akavuta pumzi. "Nachukua yenye sahihi."

Adib aliitoa polepole, akamkabidhi. Loise aliishika kwa pembe kama alivyofundishwa na kazi yake ya stooni, akaigeuza, akaisoma nyuma, kisha akaiweka tena juu ya kioo.

"Sasa ni yangu?"

"Ni yako. Khalas."

"Basi naiuza. Nipe Quarles, na unilipie karo ya Lynette ya mwaka mmoja uliobaki. Ni elfu nne na mia tano. Nitakupa namba ya chuo, utume mwenyewe mbele yangu. Wewe unabaki na kadi yako na faida juu."

Adib alimtazama, akaitazama kadi, akapiga hesabu yake ya haraka. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kweli, hadi akavua miwani.

"Maboksi kumi na manne yangu umekaa nayo, ukasoma bei zote," alisema. "Mie nikidhani unapanga." Akatoa simu. "Haya, bibie. Nisomee hiyo namba."

Alituma pale pale, watu wakiwa wamezunguka. Kisha akashuka rafu ya chini, akamtoa Quarles, akamtia kwenye kifuko kipya cha plastiki bila kuombwa. Joweria naye aliandika namba yake ya simu nyuma ya kadi ya mwaliko wa klabu. Walifanya mazoezi kila Jumamosi, alisema, na mdakaji wao alikuwa amerudi Kampala tangu Oktoba.

Jioni, kitandani kwake Al Baraha, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya beseni la barafu, Loise alimwingiza Quarles kwenye mfuko wa mwisho wa albamu, akazipiga picha kurasa zote na kumtumia Lynette. Wenzake watatu walikuwa wamejipanga pembeni ya kitanda. Mmoja aliuliza kama anaweza kugeuza kurasa, akaruhusiwa.

Simu ikalia. Lynette alikuwa amepata ujumbe kutoka ofisi ya fedha ya chuo.

"Mum, nimeambiwa mwaka mzima umelipwa. Na hizi picha umetuma ni za nini? Hawa wanaume thelathini waliochuchumaa ni akina nani?"

Loise alijiegemeza ukutani, akavuta albamu mapajani kwa mkono mmoja.

"Una muda?" alimuuliza. "Kaa chini. Naanza na huyu wa timu ya Atlanta."