Futari ya Shukrani

"Onja wewe," Rahila alisema, akimsogezea Shaikha mwiko. "Sisi wengine tumefunga."

Shaikha alikuwa na udhuru wa wanawake. Aliulamba mwiko, akafikiri. "Chumvi bado."

"Sana?"

"Kidogo. Usije ukafanya kama ule mwaka wa kwanza Michigan, shoga."

Mwaka ule Rahila alipeleka chakula kwa profesa wao, kakitia chumvi mara mbili, na mke wa profesa akaimaliza sahani yake kwa adabu, akishushia glasi nne za maji. Walisoma huko shahada ya pili, Rahila, Shaikha na Ghanim, Wazanzibari watatu katika mji wa theluji, na kila Novemba profesa aliwaalika kula bata mzinga wa Siku ya Shukrani ya Wamarekani. Baadaye Rahila aliolewa na Ghanim. Sasa ilikuwa Novemba ya mwaka 1970. Wote watatu walikuwa wamekuja Oman, nchi ya babu zao ambayo hawakuwahi kuiona, na Alkhamisi ya Shukrani iliangukia kumi la mwisho la Ramadhani.

Bata mzinga hakuna Matrah, mji wa bandari walikokaa. Rahila alinunua kuku wawili, akawajaza wali na zabibu, akawapalia makaa juu na chini kama mama yake alivyokuwa akioka keki Unguja. Boga halikumpa taabu. Boga la nazi ni futari, Shukrani au si Shukrani.

Jumamosi Shaikha angepanda ndege kwenda Kuwait, kufundisha kwenye shule yenye umeme na vitabu. Rahila alifundisha wasichana katika mahema mawili, peke yake. Akiandika ubaoni hema la kwanza, la pili hupigana. Akikimbilia la pili, la kwanza hutoka nje. Alikusudia kumwomba Shaikha abaki, na alikusudia kumwomba wakati wa kula, kwa sababu Shaikha hajui kukataa mbele ya sahani.

Adhana ya Magharibi ilipoanza, Ghanim aliinua kidole. "Kwanza kila mtu aseme anachokishukuru, kama kwa profesa."

"Mtu anashukuru na njaa?" aliuliza mama yake, Bi Mahbuba. Yeye alizaliwa Sib, huko huko Oman, akaolewa Unguja, akarudi na meno sita. "Kula tende, mwanangu."

Walikula tende, wakanywa maji, wakasali, wakarudi mkekani. Kuku walifunuliwa. Shaikha aliiweka mikono yake mapajani.

"Mimi sili," alisema, "mpaka Rahila anipe ninachokitaka."

Ghanim alicheka. Bi Mahbuba hakucheka. "Huku kwetu mgeni akizuia mkono, mwenye nyumba humpa haja yake. Hata akitaka ngamia."

"Ngamia sina," alisema Rahila. "Sema."

"Usiniombe nibaki."

Ghanim alimtazama kuku. Rahila alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Jumapili, mengine akiyasema peke yake njiani.

"Nani kakufundisha hila hii?"

"Mama mkwe wako. Juzi."

"Aliniuliza desturi, nikamjibu," Bi Mahbuba alisema. "Nilijua ataka nini?"

"Haya," Rahila alisema. "Sikuombi. Kula."

Wakala. Chumvi ilikuwa sawa. Walipobakisha mifupa, Ghanim aliirudia hoja yake ya shukrani, akaanza yeye: alishukuru kupata kazi bandarini. Bi Mahbuba alishukuru kwamba boga ni laini. Ikaja zamu ya Rahila. Angeweza kuyataja mahema bila kuomba kitu. Angeweza kumtaja mtoto mmoja tu.

"Nashukuru Shaikha kapata kazi nzuri," alisema, akaanza kukusanya sahani.

Zamu ya Shaikha ilipofika, alisema ameshiba.

Rahila alimfungia paja la kuku na wali katika kitambaa. Nje Majid, binamu yake Shaikha, alipiga honi ya Landrova. Shaikha aliinama mlangoni kuvaa viatu.

"Wako wangapi?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

Rahila alimtazama mama mkwe wake.

"Jibu," Bi Mahbuba alisema. "Kuulizwa si kuomba."

"Sitini na wawili."

"Wanaojua kusoma?"

"Saba."

"Na ukiwa hema la kwanza, la pili nani yuko nao?"

"Hakuna mtu."

Honi ililia tena, ndefu. Ghanim alifungua mdomo. Mama yake akamgusa goti, naye akaufunga. Shaikha alikuwa amevaa kiatu kimoja, mguu wa pili bado uko mkekani. Alikiweka chini kile kitambaa cha chakula ili aishike vizuri bizimu ya kiatu. Vidole vyake vikabaki pale, juu ya ukanda, havikazi wala havilegezi.