Mpimaji wa Vitanda vya Watoto

Saa mbili na nusu asubuhi, kama siku zote za kazi, mpimaji alivua viatu, akavisukuma chini ya benchi, akapanda kwenye kitanda cha mtoto kilichotoka kupigwa msasa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tisa, mwenye kitambi na mvi. Mgongo wake ulipogusa godoro, tayari alikuwa kichanga wa siku nne, kilo tatu na kitu, mvi zikiwa palepale. Fundi cherehani wa kiwanda aliikung'uta suruali iliyobaki tupu, akaikunja, kisha akamfunga nepi.

"Leo usinichafulie shuka, Babu," alimwambia. "Ya jana nimeifua mwenyewe."

Kiwanda kizima kilimtania kwamba anafanya kazi ya kitoto na kula mshahara wa mtu mzima. Lakini kazi ni kazi. Alilazwa chali dakika kumi, ubavu dakika kumi, kifudifudi dakika kumi. Kisha fundi alimnyanyua na kumsimamisha sakafuni, na hadi anamaliza kufunga vifungo vya shati alikuwa mtu mzima tena. Hapo ndipo alipoijaza kadi: godoro ni gumu au linabonyea, fito zinapitisha kichwa au hazipitishi, hewa ipo au haipo. Mwisho aliandika neno moja, ndiyo au hapana. Kwa miaka kumi na tisa, kitanda kilichopata hapana kilipasuliwa kuni siku hiyohiyo, wala hakuna aliyeuliza.

Kitanda cha asubuhi hiyo kilikuwa toleo jipya. Kwa macho, jamani, kilikuwa kitamu! Godoro lilimeza mkono hadi kwenye kifundo. Mto ulikuwa na umbo la wingu, na kuta za sponji zilifungwa kwa riboni kuzunguka fito zote. Mpimaji alilazwa chali, kichwa kikadidimia na kidevu kikaja kifuani. Alipolazwa ubavu, sponji ikamziba pua. Akili ya utu uzima ilimwambia ageuze uso, lakini shingo ya kichanga haina habari na akili. Fundi alimnyanyua kabla ya muda, baada ya kuona midomo imeanza kuwa ya bluu.

Aliandika hapana.

Alikuwa na lake moyoni. Binti yake alikuwa amebakiza siku chache ajifungue mtoto wa kwanza, na kiwandani kulikuwa na desturi: mfanyakazi akipata mtoto au mjukuu anapelekewa nyumbani kitanda cha toleo jipya kabisa, hata asipoomba. Alikwisha kumwambia binti yake mara nyingi, "Mtandikie godoro gumu, shuka moja iliyobana, basi. Mto usiwepo, blanketi lisiwepo, mdoli usiwepo. Mlaze chali."

"Baba nawe! Mtoto si mfungwa," binti alimjibu, akacheka.

Msimamizi aliisoma kadi mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Mpimaji alimsalimia kwa kumpa mikono yote miwili.

"Mzee wangu," msimamizi alisema, "vitanda mia nne viko juu ya malori tayari. Na kizuri chajiuza. Labda umeamka vibaya leo. Rudia."

Akarudia, akaandika hapana. Akaambiwa arudie. Baada ya mara ya tatu, alichelewa kukua hadi saa ya chai. Baada ya mara ya tisa alirudi nyumbani akiwa na kimo cha mtoto wa darasa la pili, suruali ameikunja hadi magotini, akiitikia salamu za majirani njia nzima. Mara ya kumi na nne fundi alimsimamisha sakafuni, miguu ikakunjika. Wakamngoja hadi mchana. Alibaki vilevile.

Msimamizi alikichukua kidole gumba cha mpimaji, akakichovya kwenye wino, akakigandamiza penye ndiyo.

"Hajakataa," alisema.

Mpimaji alikuwa amekataa kwa sauti yake yote, ila kilichotoka ni kilio, na kilio cha mtoto kila mtu anajua ni njaa. Wakamletea maziwa. Fundi cherehani alijaribu kutunga uzi kwenye sindano mara tatu bila kulipata tundu. Kesho yake alitaka kurudi kazini.

Jumamosi gari la kiwanda lilimfikisha mpimaji kwa binti yake, pamoja na kitanda. Binti alikuwa amejifungua juzi yake, mtoto wa kike. Alitia sahihi moja kwa vyote viwili, kisha akambeba baba yake.

"Pole, Baba. Umekonda."

Mama mkwe wake ndiye aliyeamua mambo ya malazi. "Mjukuu alale pazuri halafu babu yake alazwe kwenye droo? Tutachekwa! Mkubwa kwanza."

Basi wakachomoa droo ya kabati, wakaiweka sakafuni, wakaitandika blanketi gumu lililokunjwa likawa bapa kama ubao, na juu yake shuka iliyochomekwa pande zote. Mto haukuenea. Binti alimlaza mwanawe chali huku akimwomba radhi, naye mtoto akalala, kifua kikipanda na kushuka. Mpimaji aliitazama droo ile kutoka mikononi mwa mama mkwe. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuona kitanda kizuri namna ile.

Yeye wakamlaza kwenye wingu. Wakaupigapiga mto ukafura, wakakaza riboni, wakamwongezea na blanketi, maana wazee husikia baridi. Jirani aliyekuja kumwona mzazi, naye mjamzito wa miezi saba, aliipapasa sponji akasema hata yeye anakitaka cha aina hiyo. Binti alimwonyesha kibandiko ubavuni mwa kitanda, chenye alama ndogo ya dole gumba.

"Kimepimwa," alisema. "Baba ndiye aliyepima."

"Na mwanao je?"

"Atavumilia," alidakia mama mkwe. "Mzee mwenyewe hana siku nyingi. Akitutoka, kitanda kinarudi kwa mwenyewe."

Mpimaji aliyasikia yote. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake, kwani yeye akizimika, anayefuata humo ni yule wa kwenye droo. Sponji ilikuwa imeshamfikia puani. Akatafuta upenyo upande wa kushoto, akaupata, akavuta pumzi moja, akaanza kuitafuta nyingine.