Tawi Lililofagiwa Kabla ya Nyama

Nélida Arróspide alikuwa ameapa kwamba mwaka huu hatamfokea mtu kazini. Hadi Jumatatu ile saa nne asubuhi alikuwa ametimiza, ndipo simu ikalia kutoka hospitali ya Tacuarembó.

"Binti, lile kosa lako limerudi," alisema nesi Ofelia wa wodi ya watoto. "Mtoto wa kilo kumi na mbili, kibandiko kinasema dozi ya mtu mzima. Si uliniambia limekwisha?"

"Nililimaliza kwa mkono wangu, mama. Mwezi wa tatu."

"Basi lenyewe halina habari."

Nélida alikata simu damu ikimchemka. Programu yao ya kuchapa vibandiko vya dawa ilikuwa na shina moja, yaani nakala kuu, na kila toleo lilipokwenda hospitalini walichipusha tawi, nakala ya pembeni ya kulirekebishia, ili shina liendelee na mambo mapya. Dozi aliirekebisha kwenye tawi la mwezi wa tatu. Marekebisho yale yalipaswa kurudishwa shinani kabla tawi halijafutwa, lakini hayakurudishwa, na toleo jipya la Ijumaa lilitoka shinani.

"Milton, nani kafuta tawi la mwezi wa tatu?"

Milton, wa meza ya pili, alivuta taratibu kwa mrija ile chai yao chungu iitwayo mate, chupa ya maji moto kwapani. "Ukikorofishwa lazima uanze na mimi?"

"Si wewe mpenda usafi?"

"Usafi wetu sote, dada. Moto hauwashwi kabla matawi hayajafagiwa. Desturi hiyo nimeikuta."

Kweli. Kila toleo likitoka walipanda juu ya paa kuchoma nyama, na kabla ya kuni kushika mmoja wao alifuta matawi ya zamani huku wengine wakimpigia makofi. Ujinga mtupu, watu wazima kushangilia kufuta. Tena kompyuta yenyewe huuliza: tawi hili lina kazi ambayo haijaingia shinani, una hakika? Punguani gani alijibu ndiyo?

Akafungua kumbukumbu za mradi. Ijumaa, saa saba kasoro dakika tano mchana, N. Arróspide.

Alikumbuka njaa aliyokuwa nayo. Swali lenyewe hakulikumbuka kabisa. Milton alisoma kwa nyuma yake, akamsogezea ile chai. Nélida hakuipokea. Akampigia nesi.

"Mama Ofelia, nimeharibu mimi. Nilifuta bila kusoma. Kabla ya saa sita mtapata marekebisho."

"Ahsante kwa kusema, binti. Ila ujue, uliponiambia limekwisha, niliacha kuhesabu dozi. Leo ni mama wa mtoto aliyeuliza mbona dawa nyingi. Mimi sindano nilikuwa nayo mkononi."

"Samahani sana, mama. Halitajirudia."

"Leta hayo marekebisho. Kibandiko chako nitakibandika, maana wakubwa wanataka. Lakini sitakisoma."