Kikombe cha Ndevu za Mahindi

Tangu Kwaresima, kila jioni Nabintu alimchemshia mumewe Bisimwa ndevu za mahindi kutoka Kavumu, ili jiwe la figo liyeyuke. Leo daktari alimwonyesha Nabintu picha: jiwe kubwa kama yai la njiwa, dawa ya majani hailiwezi. Jumatatu watampasua.

Walipofika nyumbani, Nabintu aliisukumia sufuria uvunguni.

"Nimekunywesha majani bure kama ng'ombe, Papa!"

"Mimi nilijua tangu Pasaka," Bisimwa akasema. "Docteur aliniambia majani haiwezi, siku nilienda kuomba opération."

"Na ulikunywa yote?"

"Ulikuwa unaacha kazi zote, Maman, unakaa karibu yangu mpaka kikombe iishe."

Nabintu akavuta kigoda, akakaa karibu yake, ingawa jioni hiyo hapakuwa na kikombe.