Madirisha Matano ya Wubalem

Aselefech alipanda juu ya kigoda, akabana ncha ya tepu juu ya dirisha kwa kidole gumba, akaiachia iteremke hadi sakafuni.

"Mita mbili na sentimita thelathini," alisema.

"Na upana uzidishe mara mbili, shoga. Nataka mapazia ya marinda," Wubalem alisema huku akimimina kahawa. "Na kile kipande kifupi cha juu ukitie kamba ya dhahabu."

"Nimesikia."

Hilo lilikuwa dirisha la nne la nyumba mpya ya Wubalem. La tano lilikuwa jikoni. Jiko nalo lina dirisha! Chumba cha Aselefech, kule kwenye nyumba za udongo walikopanga wote wawili, kilikuwa na kidirisha cha kuzibwa kwa sinia.

Miaka kumi na tatu nyuma walijiandikisha siku moja kwenye bahati nasibu ya nyumba za serikali, wakashikiana nafasi kwenye foleni. Mwaka huu ndipo jina la Wubalem lilipotoka. La Aselefech halikuwemo hata kwenye orodha. Asubuhi hii alipitia tena ofisi ya nyumba, akamkuta karani anamenya chungwa.

"Mama, faili lako halionekani. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu ipi, mwanangu?"

"Mama, usinichoshe."

Sasa alishika penseli aandike, na mkono ukaandika 210 badala ya 230. Aliitazama ile namba. Kitambaa huko soko la Merkato kimepanda mara mbili tangu Pasaka, na kikishakatwa hakirudishwi. Mapazia yangening'inia kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla.

Hakufuta.

"Unahamia lini?" aliuliza.

Wubalem alicheka kicheko kikavu. "Nihamie nini, wewe! Mkopo wa benki nitaulipa kwa hivi vimkate vya injera ninavyouza? Nimepata mpangaji, anafanya kazi uwanja wa ndege. Kasema bila mapazia haingii. Mimi nipo palepale nyuma ya ukuta wako, utanisikia nikikohoa."

"Miaka yote hiyo, Wube?"

"Ndiyo hivyo." Wubalem alifuta kioo kwa pindo la shuka alilojitanda. "Jana nililala hapa sakafuni mchana, kidogo tu. Nijue inakuwaje."

Aselefech alijua hapo ndipo pa kuona huruma. Lakini hata ule usingizi wa sakafuni aliuonea wivu.

"Au nishonee mafupi," Wubalem alisema. "Yaishie chini ya kioo tu, tuokoe kitambaa. Mpangaji atajuaje?"

Aselefech alitazama karatasi yake. Mafupi. Hakuna ambaye angejua.

"Mafupi sishoni," alisema, akaikata ile 210 kwa nguvu mpaka penseli ikatoboa karatasi. "Yatafika chini, yaguse sakafu. Njoo ushike ncha hii, nilikosea."

Wubalem alipiga magoti kwenye saruji, akashika. Wakalipima upya dirisha la mtu wa uwanja wa ndege, urefu na upana.