Sufuria za Mzee Chumvi

Haki ya Mungu, haya ninayoandika ni kweli tupu, na asiyeamini aje aniangalie mgongo.

Nimestaafu useremala, na mtaani wananiita Mzee Chumvi kwa sababu sijawahi kusimulia jambo likabaki na ukubwa wake. Nyumbani tuna sheria: anayenaswa na uongo anaosha sufuria. Mke wangu alikuwa hata hajui sponji inakaa wapi.

Kisha mgongo ukaanza. Daktari, binti mdogo mwenye miwani, akaniuliza maumivu yakoje.

"Mwanangu, kuna treni imeingia kiunoni, inashukia mguuni, na abiria wote wamevaa njumu."

Akacheka mpaka miwani ikateleza. "Mzee, una vituko! Huo ni umri tu." Akanipa vidonge. Niliporudi kwake, treni ilikuwa imeongeza mabehewa. Kicheko kilekile, vidonge vilevile.

Ukiumwa usiaminiwe, unaanza kujishuku mwenyewe. Nikajiuliza kama na hili nimelitunga. Nikaacha randa niliyokuwa bado naichezea karakanani, nikaacha kijiwe, nikawa mtu wa kulala nimeukabili ukuta. Wajukuu wakiomba hadithi, nawafokea. Nilikuwa natamani asubuhi isifike, na hilo sikumwambia mtu.

Mke wangu hakuuliza kitu. Alinivalisha viatu, akanipeleka kliniki, akaingia nami hadi ndani.

"Daktari, mume wangu ni mwongo."

"Najua, mama," binti akatabasamu.

"Hujui. Tangu mvua zianze hajadanganya hata mara moja. Sufuria naosha mimi. Mimi! Hacheki, hanichokozi, hata jirani alipoitukana timu yake alinyamaza. Haya, niambie tena ni umri."

Tabasamu likaisha. Binti akavuta kiti. "Mzee, nisamehe. Nieleze upya, leo sicheki."

Nikaeleza. Hata ile asubuhi nisiyoitaka niliitaja. Akanilaza, akauinua mguu taratibu, nikapiga yowe lililowainua watu kwenye mabenchi ya nje. Kumbe mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa. Nikapewa dawa nyingine, mazoezi, na mshauri wa kuzungumza naye habari za ule ukuta.

Haikuwa kazi ya siku moja. Lakini kuna asubuhi niliamka nina hamu ya kusema. Nikaingia karakana, nikalikumbatia kabati la milango mitatu, nikalibeba peke yangu hadi barabarani, mtaa mzima ukapiga makofi na...

"Kabati?" Mke wangu amesimama nyuma yangu, anasoma. "Ulibeba stuli. Na aliyepiga makofi ni mimi."

"Ilikuwa stuli kubwa, mama watoto."

"Sponji iko palepale ulipoiacha."

Basi naenda. Sufuria zimerundikwa kwenye beseni, sakafuni. Nainama kuzifuata, nainama mpaka chini kabisa, na nyuma yangu kuna mtu anacheka.